Kiango Kisichopinduka

Ndugu msomaji, leo sitakueleza habari za mbolea wala za palizi. Leo tuzungumze juu ya taa. Huenda unasoma gazeti hili usiku, na taa iko mbele yako. Hebu iangalie. Imesimama juu ya nini? Juu ya meza? Juu ya kigoda? Juu ya tofali? Sasa jiulize: mtoto akipita mbio na kuigusa kwa kiwiko, taa hiyo itabaki imesimama?

Watu wengi hujibu, "Itasimama tu, siku zote iko hapo." Mimi pia nilikuwa najibu hivyo. Nilijibu hivyo mpaka siku nilipomtia hasara mtu aliyeniamini.

Mwaka 2009 nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Nilikuwa bado kijana, na cheti changu cha kilimo kilikuwa bado kipya. Kijiji hakikuwa na umeme. Kina mama wa pale walikuwa na kikundi cha kufuga kuku. Nikawaambia kwamba vifaranga wengi hufa kwa baridi na kwa mwewe, na kwamba tunaweza kuwalea ndani ya bruda. Bruda ni duara la matete au la maboksi, ambamo vifaranga hukaa pamoja na kupata joto. Joto lenyewe tulilipata kwa kandili, ile taa ya mafuta yenye kioo na mkono wa kubebea.

Mama mmoja alikubali tuanzie kwake. Alitoa jiko lake la nje, lililoezekwa kwa nyasi. Tulizungusha matete, tukamwaga maranda ya mbao, tukaingiza vifaranga 60. Taa niliiweka mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Niliiweka juu ya matofali mawili yaliyopandana, ili isiguse maranda. Nikaitikisa kidogo. Ikasimama. Nikaaga, nikaenda kulala.

Saa kumi alfajiri nikasikia yowe. Nilipofika, paa la jiko lilikuwa linawaka. Taa ilianguka, mafuta yakamwagika juu ya maranda, na maranda yakashika moto kama karatasi. Tuliokoa vifaranga 11 tu. Yule mama aliungua mkono wa kulia alipokuwa akiwatoa. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amelala katika nyumba kubwa, hatua kama kumi kutoka pale. Kongwa ina upepo mkali, lakini usiku ule upepo ulikuwa umetulia. Ungevuma, nisingeweza kuandika habari hii.

Asubuhi tulitazama mahali pale. Vifaranga hufukua, ndiyo kazi yao. Usiku kucha walikuwa wamefukua maranda upande mmoja wa matofali. Matofali yakainama kidogo kidogo. Tena, mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha karibu yote. Sikujua kwamba mambo hayo mawili yakikutana, taa huanguka bila kuguswa na mtu.

Nilimlipa mama yule hasara yake kwa mshahara wangu. Mkono wake ulipona, ila kovu lipo. Kisha nikaenda kwa fundi seremala wa kijiji, nikamwomba anitengenezee kiango, yaani kitu cha kuwekea taa, kisichoanguka. Fundi akanicheka. Akaniambia, "Bwana Shamba, unajua kupima mistari ya mahindi. Mbona taa hukuipima?"

Sikujua kwamba taa hupimwa. Akanionyesha. Nami nakuonyesha wewe.

JEMBE JUU YA KIDOLE

Chukua jembe lenye mpini. Lilaze juu ya kidole chako kimoja, upande huu liwe bamba la chuma na upande ule uwe mpini. Sogeza kidole mpaka jembe litulie bila kuangukia upande wowote. Je, kidole chako kiko katikati ya mpini? Hapana. Kiko karibu na chuma. Hapo ndipo uzito wote wa jembe unapokutana. Ni kama jembe zima limekusanywa mahali hapo pamoja. Mahali hapo panaitwa kitovu cha uzito.

Kila kitu kina kitovu cha uzito: chungu, baiskeli, ng'ombe, taa, hata wewe mwenyewe. Kitovu hukaa karibu na upande ulio mzito. Ukiongeza uzito chini, kitovu hushuka. Ukiongeza uzito juu, kitovu hupanda.

Sasa kumbuka timazi ya fundi mwashi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni. Kamba ya timazi hunyooka moja kwa moja kwenda chini. Fikiria kwamba umefunga timazi kwenye kitovu cha uzito cha taa yako, na chuma kinakaribia kugusa sakafu. Kama chuma kinaelekea ndani ya kitako cha taa, taa itasimama. Kama chuma kinaelekea nje ya kitako, taa itaanguka. Hakuna siri nyingine. Lori lililoinama kando ya barabara hubaki limesimama au hupinduka kwa sheria hii hii. Lori lililojaza magunia hadi juu hupinduka mapema kuliko lori tupu, kwa sababu kitovu chake kiko juu. Likiinama kidogo tu, timazi yake inatoka nje ya magurudumu.

Na kitako ni nini? Watu hufikiri kitako ni miguu tu. Sivyo. Chukua uzi, uzungushe nje ya miguu yote ya kigoda pale inapogusa sakafu, kisha uvute ukaze. Eneo lote lililo ndani ya uzi ndilo kitako. Kigoda cha miguu minne, uzi hutoa umbo la pembe nne. Mafiga matatu ya jikoni, uzi hutoa umbo la pembe tatu.

Habari hii si ya jana. Alikuwako mtu mmoja, jina lake Archimedes, aliyeishi katika mji wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, nchi ambayo leo ni Italia. Alikufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Aliandika juu ya vitovu vya uzito na juu ya namna vitu vizito na vyepesi vinavyopatana kwenye mti mmoja. Lakini naamini bibi zetu waliojitwika mitungi walijua sehemu kubwa ya mambo haya bila kuyaandika. Mtazame mama aliyejitwika ndoo. Shingo imenyooka, na ndoo iko juu ya nyayo zake. Timazi yake haitoki nje.

MIGUU MITATU AU MINNE?

Hapa tulibishana sana na fundi. Mimi nilitaka kiango cha miguu mitatu. Nilimwambia, "Mafiga ni matatu, na chungu hakitikisiki." Ni kweli. Kitu cha miguu mitatu hakichezi hata kama sakafu ya udongo ina mashimo. Miguu yote mitatu hugusa chini daima. Kigoda cha miguu minne kwenye sakafu mbovu hucheza, kwa sababu mguu mmoja unabaki hewani.

Fundi akasema, "Kutocheza ni jambo moja. Kutopinduka ni jambo lingine." Akachora duara mchangani, akaweka vijiti vitatu juu ya mstari wa duara, kisha akazungusha uzi. Akapima kutoka katikati hadi kwenye uzi, pale uzi ulipo karibu zaidi. Ilikuwa nusu tu ya urefu wa kutoka katikati hadi kwenye kijiti. Akaweka vijiti vinne. Uzi ukaenda mbali zaidi: kama sehemu saba katika kumi.

Maana yake ni hii. Kama mguu wa kiango umetoka sentimita 30 kutoka katikati, kiango cha miguu mitatu kina kitako cha sentimita 15 tu upande ulio dhaifu. Cha miguu minne kina sentimita 21. Na kitu hupindukia upande ulio dhaifu, hakichagui upande wenye nguvu. Basi ukitaka miguu mitatu, itanue zaidi. Ukiogopa kwamba watu watajikwaa, tumia ubao mpana. Sisi tulitumia ubao, na chini yake tulipigilia vibao vitatu vidogo. Kimoja kilikaa katikati ya ukingo mmoja, na viwili kwenye pembe mbili za ukingo wa pili. Hapo nikashinda mimi kidogo: kiango hakikucheza. Lakini fundi alinikumbusha kwamba vibao vyangu vimepunguza kitako, kwa kuwa uzi sasa unazunguka vibao vitatu, si ubao mzima. Baada ya siku tatu nilivitoa, tukasawazisha sakafu kwa udongo. Sakafu sawa ni bora kuliko ujanja wangu.

MAHESABU YA PEMBEA

Sasa chukua karatasi na kalamu. Usiogope. Ni kuzidisha, kujumlisha na kugawanya.

Umewaona watoto wakipanda ubao uliowekwa juu ya gogo, huyu akipanda yule anashuka. Mtoto mzito akikaa karibu na gogo, na mtoto mwepesi akikaa mbali, wanalingana. Mtoto wa kilo 30 akikaa sentimita 100 kutoka kwenye gogo, ni 30 mara 100, yaani 3,000. Mtoto wa kilo 20 lazima akae sentimita 150, maana 20 mara 150 ni 3,000 pia. Aliyewahi kubeba mzega begani anayajua haya. Mzigo wa nyuma ukiwa mwepesi, bega husogezwa kuelekea mzigo wa mbele.

Taa nayo ni pembea. Gogo lake ni ukingo wa kitako. Uzito wa taa unavuta upande wa ndani ili isimame. Mkono wa mtoto au bega la mbuzi linasukuma ili ipinduke. Anayeshinda ni yule ambaye kilo zake mara sentimita zake ni nyingi zaidi.

Tuchukue kiango cha kawaida, kama vile vinavyotengenezwa haraka haraka vijijini. Kina mti wa sentimita 90, wenye kilo 1. Juu yake kuna kibao na kandili, pamoja kilo 1. Chini kuna kipande cha ubao cha sentimita 20 kwa 20, chenye nusu kilo. Jumla ni kilo 2 na nusu. Kutoka katikati ya kitako hadi ukingoni ni sentimita 10. Zidisha: 2 na nusu mara 10 ni 25. Hizo ndizo nguvu zake zote za kubaki amesimama.

Mbuzi anakuja, anakigusa kwa bega, sentimita 50 kutoka chini. Gawanya 25 kwa 50. Jibu ni nusu. Yaani msukumo wa nusu kilo tu unakipindua. Nusu kilo ni uzito wa chupa ndogo ya maji ya kunywa. Mbuzi wa nini? Paka anatosha.

Na kitovu cha uzito kiko wapi? Hapa tunazidisha kila kitu kwa kimo chake. Taa ya kilo 1 ina kitovu chake kama sentimita 100 kutoka chini: 100. Mti wa kilo 1, katikati yake ni sentimita 45: 45. Ubao wa nusu kilo, sentimita 1: nusu. Jumla ni 145 na nusu. Gawanya kwa kilo 2 na nusu, unapata 58. Kitovu kiko sentimita 58 kutoka sakafuni, zaidi ya nusu ya urefu wa mti. Kwa kimo hicho na kitako kile, ukiinua upande mmoja wa ubao kwa sentimita 3 na nusu tu, kiango kinapinduka chenyewe. Sentimita 3 na nusu ni unene wa vidole viwili. Kuku anaweza kufukua zaidi ya hapo kwa asubuhi moja.

Mabaharia wa jahazi wakisafiri bila shehena huweka mawe au mchanga chini kabisa ya chombo. Mzigo huo huitwa farumi. Chombo kisicho na farumi hulala ubavu upepo ukivuma. Sisi watu wa Kongwa tuko mbali na bahari, lakini fundi alikuwa amewahi kufanya kazi Bagamoyo. Alisema, "Kiango chako hakina farumi." Tukatafuta kopo.

KUTENGENEZA KIANGO

Tafuta kopo tupu la rangi, la lita 4. Tafuta ubao wa sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 2. Ukikosa ubao mmoja mpana, unganisha mbao tatu kwa kupigilia vipande viwili juu yake, si chini yake. Tafuta mti mkavu ulionyooka, urefu sentimita 90, unene wa mpini mnene wa shoka.

Simamisha kopo katikati ya ubao, na mti ndani ya kopo. Pigilia misumari mirefu kutoka chini ya ubao, ipite kwenye kitako cha kopo na kuingia ndani ya mti. Misumari mitatu ni bora kuliko miwili. Kisha piga misumari mifupi minne kutoka ndani ya kopo ili lishikane na ubao. Pima kwa timazi kama mti umenyooka. Ndipo ujaze mchanga mkavu, ukishindilia kwa kijiti kila baada ya kiganja kimoja. Mchanga ulioloa utatia kutu kopo na kuozesha mti. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, kwa hiyo kopo lako litakuwa na kama kilo 6.

Juu ya mti pigilia kibao cha kuwekea taa. Kiwe kipana kuliko kitako cha taa. Lile lilikuwa kosa langu jingine: kitako cha kandili kilikuwa kipana kuliko tofali, kikaning'inia pande mbili. Zungushia kibao ukingo wa vijiti au bati lililokunjwa, usiopungua sentimita 2, ili taa isiteleze. Kiango kinaweza kubaki kimesimama, na taa ikaanguka kutoka juu yake. Kuwa mwangalifu na jambo hili. Wengi hulisahau.

Sasa tufanye mahesabu tena. Taa na kibao, kilo 1 mara sentimita 100, ni 100. Mti, kilo 1 mara 45, ni 45. Kopo, kilo 6 mara 12, ni 72. Ubao, kilo 3 mara 1, ni 3. Jumla ni 220. Uzito wote ni kilo 11. Gawanya 220 kwa 11: kitovu kiko sentimita 20 tu kutoka sakafuni. Kimeshuka kutoka 58 hadi 20. Kiko ndani ya kopo lenyewe.

Kama huamini karatasi, jaribu kwa kamba. Funga taa tupu isiyo na mafuta juu ya kiango. Funga kamba moja kwenye kiango, ukining'inize kikiwa kimelala. Sogeza kamba mpaka kilale sawasawa bila kuinama. Utaikuta kamba iko juu ya kopo, karibu na mdomo wake.

Je, mbuzi wetu? Kilo 11 mara sentimita 25 ni 275. Gawanya kwa 50. Jibu ni 5 na nusu. Sasa inahitajika nguvu ya kilo 5 na nusu, uzito unaozidi nusu ya ndoo ya lita 10 ya maji. Ni mara kumi na moja ya kiango cha kwanza. Na mara nyingi, kabla nguvu haijafika hapo, kiango kitateleza sakafuni badala ya kupinduka. Kuteleza si kitu. Ukitaka kukipindua kwa kuinua upande mmoja wa ubao, lazima uuinue kama sentimita 39. Hakuna kuku wa kufukua shimo hilo.

Usisahau kwamba msukumo wa juu ni mbaya kuliko msukumo wa chini. Mtu mzima akikishika kiango hiki sentimita 90 kutoka chini na kukivuta, kilo 3 hivi zinatosha kukipindua. Basi usianike nguo juu yake, wala usikitumie kama fimbo ya kujishikilia unapoinuka. Na mti usiurefushe kwa sababu ya fahari. Ukitaka mti mrefu zaidi, tanua ubao na ongeza kopo.

MAFUTA YANAPOPUNGUA

Niliahidi kueleza juu ya mafuta. Nusu lita ya mafuta ya taa ina uzito wa gramu 400 hivi. Katika kandili na katika koroboi, mafuta hukaa chini, kwa hiyo ni farumi ya taa. Jioni taa imejaa, kitovu kiko chini. Alfajiri mafuta yamekwisha, taa ni nyepesi na kitovu kimepanda. Taa iliyokuwa imara saa mbili usiku si imara tena saa kumi. Ukiwa na taa ya kukesha, kwenye bruda au kwa mgonjwa, ijaze kabla ya kulala. Ijaze ikiwa imezimwa na imepoa. Usiongeze mafuta katika taa inayowaka, na usichanganye na petroli hata tone moja.

Koroboi ndiyo mbaya kuliko zote. Kopo lake ni jembamba, na halina kioo cha kuzuia moto. Kama ndiyo uliyo nayo, iweke ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, uifukie mpaka nusu ya kopo lake. Umeitanulia kitako bila kutumia hata senti moja. Ikianguka kwa bahati mbaya, mafuta yatamwagika mchangani, si kwenye mkeka.

Kuna wanaouliza: kwa nini tusiitundike taa? Swali zuri. Kitu kilichotundikwa hakipinduki, kwa sababu kitovu chake kiko chini ya msumari unaokishika. Ukikisukuma, kinayumba kisha kinarudi. Katika bruda, kwa kweli, kutundika ni bora kuliko kiango, na siku hizi ndivyo ninavyowafundisha wafugaji. Lakini tumia waya, si kamba, maana kamba huungua. Tumia waya mbili zilizofungwa mahali pawili, ili moja ikikatika nyingine ishike. Na kama paa ni la nyasi, usitundike taa ya moto karibu nalo. Hewa ya juu ya kioo cha kandili ni ya moto sana kuliko unavyofikiri. Weka mkono wako juu yake uone jinsi utakavyouondoa haraka.

Siku hizi nyumba nyingi zina taa za sola. Ni jambo jema. Taa ya sola ikianguka haichomi nyumba. Lakini inavunjika, na fedha zako zinakwenda nayo. Taa hizi nyingi ni nyepesi, na zenye shingo ndefu zina kitako kidogo. Sheria ya timazi haijali kama taa ni ya mafuta au ya jua. Ifunge kwenye kiango hiki hiki.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kama 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, wengi wao katika nchi ambazo hazina utajiri. Mafuta yakimwagika na kuwaka, usimwagie maji, kwa sababu moto wa mafuta huelea juu ya maji na kusambaa. Mwagia mchanga, au funika kwa blanketi zito lililoloweshwa. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, funika jeraha kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu. Yule mama wa Kongwa alipakwa mafuta ya kupikia na majirani, nami nilikuwa nimesimama pale pale, sikusema neno.

Kiango cha kwanza tulichotengeneza na fundi nilimpelekea yeye. Alikizunguka, akakisukuma kwa mkono wa kushoto, akakisukuma tena kwa nguvu. Kikateleza kidogo. Akaniuliza, "Bwana Shamba, hiki nacho umekitikisa tu, au umekipima?" Nikamwonyesha karatasi. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la kisomo, akasoma tarakimu moja moja kwa kidole, mpaka 275.

Mwaka 2021 nilipita kijijini pale kwa kazi nyingine. Kiango kilikuwa bado kipo, kimebeba taa ya sola. Kopo lilikuwa limeshika kutu pembeni na mchanga ulianza kuvuja, kwa hiyo alikuwa amelizungushia udongo wa kichuguu na kulipiga lipu. Nilimuuliza sababu ya kuchagua udongo wa kichuguu. Alisema haupasuki ukikauka, tena ni mzito.